Miezi Aliyoichagua Baba

Mama Holo tulimzika Kibaoni mwaka jana, wakati watu wanavuna mpunga. Nilipanda basi la asubuhi kutoka Mpanda, nikafika mwili ukiwa bado ndani, nikaonyeshwa nafasi kwenye mkeka katika chumba cha wanawake. Dirisha lilikuwa dogo, kanga zimekunjwa juu ya kabati, na uani masufuria yalikuwa yanagongana. Mkwe wake mmoja, aliyekuwa anagawa uji, aliniona ninavyolia akachuchumaa mbele yangu. "Shikamoo mama," alisema. "Samahani, wewe ni wa upande gani wa familia?" Nikamwambia si wa upande wowote, mimi ni Mpimbwe wa Mamba, na marehemu tulijuana jikoni, kwenye jiko la ndugu wa wagonjwa pale hospitali. Aliitikia kwa heshima lakini niliona hajaelewa, na uji ulikuwa unapoa. Tangu siku hiyo nimekuwa nikimjibu yule binti kichwani kwangu, nikishona, nikifagia, nikisubiri maji yachemke. Afadhali sasa nijibu swali lake vizuri.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, niko nyumbani Mamba nasubiri matokeo, ambayo hata yalipokuja hayakunisaidia sana. Siku hizo hatukuwa na mkoa wetu, Mpanda ilikuwa wilaya ya Rukwa, na mtu wa Mamba akisema anakwenda Mpanda alikuwa anaaga kabisa. Ugonjwa wa Baba niliusikia kwanza kupitia ukuta wa jikoni. Mama alikuwa anamwambia jirani, kwa sauti ya chini, kwamba kila akifua kaptula za Baba Deo anakuta damu. Jirani akasema ni bawasiri, mume wake pia alikuwa nayo, atumie mizizi. Baba mwenyewe alisema hivyo hivyo. Alikunywa mizizi, akaenda zahanati akapewa vidonge vya minyoo, akarudi tena akapewa vya kuhara damu. Alikuwa mtu wa kula. Mama alikuwa akipakua wali anampa ukoko pembeni kwa sababu aliupenda kuliko wali wenyewe. Mwaka ule ukoko ulianza kubaki. Kisha nikamwona siku moja amekaa kizingitini, amepasha msumari moto, anatoboa tundu jipya kwenye mkanda wake wa suruali, mbali kabisa na yale ya zamani. Alipoona namtazama alisema, "Mkanda umelegea." Nikaitikia, "Ndiyo, Baba."

Baada ya mavuno tumbo lake lilifunga. Hakupata choo, hakutoa hata hewa, tumbo likajaa na kukaza, akaanza kutapika. Kulikuwa na lori lililokuja kuchukua mpunga, na dereva, mtu tusiyemjua hata jina, alishusha tandiboi wake kutoka mbele akamweka Baba pale. Mimi nilipanda juu ya magunia. Mama alibaki na wadogo zangu na mpunga uliokuwa bado umeanikwa. Aliniambia neno moja tu: "Wewe umesoma, utaelewa wanachosema." Tulipita porini, mbung'o wakitung'ata hata juu ya nguo, na kila lori liliporuka shimo nilisikia Baba anaguna kule mbele, na dereva anasema, "Pole mzee, pole, nilikuwa sijaliona." Alisema pole njia nzima. Mpaka leo nikisikia watu wanawasema vibaya madereva wa malori, mimi huwa naondoka kwenye hayo mazungumzo.

Walimpasua siku ileile tulipofika. Alipotoka alikuwa na kidonda kirefu katikati ya tumbo, na upande wa kushoto, kitu chekundu kama mdomo wa mtoto, ambacho ndiyo ilikuwa njia yake mpya ya choo. Daktari aliniita koridoni. Alikuwa kijana, amechoka, gauni la kijani bado limeloa jasho. Akaniambia utumbo mpana wa Baba ulikuwa umezibwa na uvimbe, kwamba uvimbe wenyewe hawakuweza kuutoa, na kwamba ameona vivimbe vingine kwenye ini. "Ni kansa," alisema. "Imeshatembea. Tutawaandikia rufaa Mwanza, kule wana vipimo na wataalamu, wao watasema kama kuna linalowezekana. Ila mzee usimwambie. Atakata tamaa." Alisema kwa huruma, na sijawahi kumlaumu. Siku hizo ndivyo ilivyokuwa. Lakini nilibaki pale koridoni na neno ambalo lilikuwa la mtu mwingine, na mwenye neno amelala hatua chache kutoka pale.

Jiko la hospitali lilikuwa banda la bati nyuma ya wodi, kuta nyeusi kwa moshi, mafiga yamepangwa sakafuni, kila mwenye mgonjwa na moto wake. Nilikwenda kukaa pale kwa sababu ndipo mahali mtu anaweza kutoa machozi akasingizia kuni mbichi. Mwanamke mrefu aliyekuwa anakoroga uji alinitazama kwa muda, kisha akasogeza ndoo kwa mguu, akaniambia, "Kaa." Nikakaa. Akanipa kikombe. "Kunywa kwanza, ng'wanone. Halafu ndiyo ulie." Ng'wanone ni mwanangu kwa Kisukuma, na ndivyo alivyoniita mpaka mwisho wa maisha yake. Huyo ndiye Mama Holo. Watu wa ukoo wake walikuwa wameshuka na ng'ombe kutoka Shinyanga wakahamia upande wa Kibaoni, na kijana wake alikuwa amevunjwa mguu na mkokoteni. Nilimweleza kila kitu nilichoambiwa koridoni. Hakusema Mungu yupo, hakusema atapona. Aliuliza, "Mwanza mnafikia wapi?" Nikasema hatuna mtu Mwanza. Akarudi kukoroga uji wake. "Sasa mnaye," alisema. "Mdogo wangu anakaa karibu na hospitali yenyewe. Mkifika muulizeni Mama Shija, fundi cherehani, mumwambie nimewatuma mimi."

Kitanda cha kijana wake kilikuwa jirani na cha Baba, kwa hiyo siku ya kwanza muuguzi aliponifundisha kusafisha ile njia ya tumboni, Mama Holo alikuwepo. Muuguzi alionyesha mara moja, taratibu, akaniachia pamba na mifuko michache ya nailoni, akaenda kwa wengine maana alikuwa peke yake wodini. Baba aligeuzia uso ukutani. "Skola," alisema, "hii si kazi yako." Nikamuuliza, "Ya nani, Baba?" Maji yalikuwa yananimwagikia. Mama Holo akasimama upande wa pili wa kitanda, akashika beseni, akaanza kuongea na Baba kana kwamba wamekutana sokoni.

"Mzee, wewe ni wa wapi?"

"Mamba."

"Unalima?"

"Mpunga." Akaongeza: "Na mwaka juzi ng'ombe wa Wasukuma waliingia kwenye majaruba yangu wakala wote wa upande wa mtoni."

"Ng'ombe wa rangi gani?"

"Sikuangalia rangi, nilikuwa nawakimbiza."

"Basi labda walikuwa wangu," alisema Mama Holo. "Nisamehe. Lakini walinenepa kweli mwaka juzi."

Baba alianza kucheka, akashika kidonda, akasema, "Jamani nyie, nitapasuka," na alipogeuza uso kutoka ukutani mimi nilikuwa nimeshamaliza kufunga. Hakugeukia ukuta tena. Watu wengi wamenitendea wema katika maisha yangu, lakini sijui kama yupo aliyenipa kitu kikubwa kuliko kicheko kile. Mifuko ya muuguzi ilipoisha, Mama Holo alichana shuka lake la pamba katikati, akanionyesha nishone mkanda wa kiunoni wenye mfuko wa kitambaa, ndani yake tunaweka nailoni, tunafua na kuanika kila siku. Nilishona kwa mkono, vibaya. Baba alijitazama akasema anafanana na kondakta wa basi.

Treni ya Mpanda ilikuwa inakwenda polepole mpaka Kaliua, na pale tukasubiri nyingine. Tuliketi daraja la tatu, Baba dirishani, kanga ya Mama imefungwa tumboni juu ya ule mkanda. Alikuwa anaogopa harufu. Kila mtu akiingia alikuwa anachungulia uso wake kama amekunja pua. Kina mama wa Kaliua waliuza asali, mihogo na kuku wa kuchemsha kupitia madirishani, na mimi nilinunua mhogo nikaushika tu mkononi. Baba alitazama nje muda mrefu, miombo inapita, kisha akasema bila kunigeukia, "Ulichoambiwa na yule daktari ni kizito." Nikasema amesema tutajua Mwanza. "Najua alivyosema. Lakini wewe huachagi mhogo." Kaka yangu Deo, aliyekuwa akifanya kazi Tabora, alitupokea stesheni akapanda pamoja nasi mpaka Mwanza. Alikuwa amejaa nguvu, na orodha kichwani mwake ya watu wa kumsaidia. Alisema kama Mwanza haiwezekani tutakwenda Dar, na kama Dar haiwezekani kuna mtu anamjua aliyepelekwa India. Baba alimsikiliza akamwambia, "Mwanangu, kaa kwanza upumzike, umesimama tangu Tabora."

Mama Shija alitupokea kama mizigo iliyokuwa inatarajiwa. Alikuwa na vyumba viwili mlimani, juu ya mawe makubwa. Kimoja alikuwa analala na watoto, kingine kilikuwa cha cherehani, na hicho ndicho alichotupa. Hatukuwa na undugu naye, kabila tofauti, dini tofauti. Jina la dada yake lilitosha. Wiki zile za vipimo nilijifunza chumba kile mpaka nafasi ya kila kibiriti. Mchana Baba akiwa amelazwa, Mama Shija alinikalisha kwenye cherehani akanifundisha kukanyaga pedali bila kurudisha nyuma, na kitu cha kwanza nilichoshona kwa mashine maishani ni mikanda ya Baba, sasa imenyooka, ya kitambaa kizuri cha vipande vya wateja. Mmoja ulikuwa na maua. Jioni tulikula ugali na dagaa waliokaangwa na nyanya, sufuria moja katikati, na Deo akieleza mipango yake ya Dar. Kazi yangu ya leo, iliyosomesha wanangu pale Mpanda, ilianzia katika chumba kile. Sikujua wakati ule kwamba najifunza kazi. Nilidhani najificha.

Daktari wa Mwanza alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, na alifanya jambo ambalo sikuwa nimeona daktari akilifanya. Alivuta kiti akakaa, uso wake sawa na uso wa Baba, akasema, "Mzee, majibu yako nimeyapata. Nikueleze wewe, au niwaeleze watoto?" Deo alifungua mdomo. Baba akainua mkono. "Mimi. Wao wasikilize." Basi akamweleza kila kitu, kwa Kiswahili cha kawaida. Kwamba ni kansa ya utumbo mpana, imeanza zamani, imefika kwenye ini, na hakuna upasuaji wa kuiondoa yote. Baba akauliza dawa. Akasema zipo za kuchoma kwenye mshipa, Dar es Salaam, wakati mwingine zinapatikana, wakati mwingine hazipo. "Haziponyi kwa hatua hii. Zinaweza kukuongezea miezi. Zinaweza pia kukuchosha sana, na utatakiwa kukaa kule kule, au kwenda na kurudi." Baba akauliza, "Nisipokwenda?" Akasema, "Utaishi miezi pia. Sijui mingapi, na atakayekwambia anajua anakudanganya. Maumivu tutakupa dawa yake, na ile njia ya tumboni itakusaidia usifunge tena." Kisha akamwambia asijibu leo. Baba alimshukuru. Alimwita "mama," yule daktari aliyekuwa mdogo kwake kwa miaka mingi, na akaniambia baadaye, "Huyo ndiye aliyenitibu." Sikumwelewa. Hakuwa amempa hata sindano.

Deo aliturudisha Mamba, na ukoo ukakutana. Waliketi chumba cha mbele, Baba amelala chumba cha ndani, ukuta wa tofali moja katikati. Mimi nilikuwa na Baba, nafunga mkanda. Tulimsikia Deo anaeleza Dar, anasema tuuze majaruba ya mtoni, yana wateja. Tulimsikia baba mdogo anasema Dar ni kupoteza, kuna mganga upande wa Ufipa anayetoa uvimbe bila kupasua, amemsikia kwa watu wa uhakika. Deo akasema hayo ni mambo ya giza. Baba mdogo akasema watoto wakisoma wanaona wazee wajinga. Sauti zikapanda. Mama hakusikika. Baba alinitazama, nikaona anatabasamu kwa upande mmoja, halafu akapiga ukuta kwa ngumi, akapaza sauti kwa nguvu ambazo sikujua bado anazo: "Nyie! Mgonjwa yuko huku!"

Akaniambia nimsaidie kusimama. Tuliingia chumba cha mbele polepole, akakaa kwenye kiti chake, akapumzika. "Mnanigombania kama ng'ombe wa mahari," alisema. "Yule mama wa Mwanza alinieleza vizuri, na nyie wawili mlikuwepo. Hakuna dawa ya kuniponya. Kuna miezi. Deo, unataka kuninunulia miezi, na mimi nashukuru, Mungu anaona. Lakini miezi ya Dar nitailala kwenye wodi nisikomjua mtu, mama yenu yuko huku, na majaruba mmeuza. Mimi miezi naitaka. Naitaka sana. Ila nataka ya hapa." Baba mdogo akasema, "Na mganga, kaka?" Baba akamjibu, "Mwambie aje kula wali tukivuna." Mama ndipo akacheka, akajifunika uso kwa kanga, na sikuweza kujua kama bado anacheka au analia. Deo alitoka nje akakaa peke yake nyuma ya ghala, na nilipomfuata aliniambia, "Tunamwacha afe, Skola." Nilikaa naye mpaka Mama alipotuita kula.

Na miezi ilikuja. Ilikuwa mingi kuliko tulivyothubutu kuomba. Mvua ziliponyesha Baba alibebwa kwa baiskeli mpaka ukingoni mwa majaruba, akawekewa kiti, akatuelekeza kupanda huku akilalamika kwamba tunapanda kama watu wa mjini. Kanisani alikuwa amekataa kwenda kwa kuogopa harufu. Mama Holo alikuja kumtembelea kutoka Kibaoni, kibuyu cha maziwa mgando kichwani, akasikia habari hiyo, na Jumapili akamwambia, "Twende, mimi nitakaa na wewe nyuma, karibu na mlango. Wakisikia harufu watasema ni Msukuma na maziwa yake." Hakuwa hata Mkatoliki. Walikaa nyuma, benchi la mwisho, Baba na mkanda wake wa maua, na baada ya misa watu walipanga mstari kumpa mkono. Toka hapo hakukosa Jumapili mpaka miguu ilipokataa. Maumivu yalikuwepo, sitasema hayakuwepo. Kuna mchana alikuwa anauma shuka. Vidonge vya Mwanza vilisaidia, vilipoisha Deo alituma vingine kwa treni, kila mara, bila kukumbushwa, na mganga wa zahanati, ambaye zamani alikuwa amempa vidonge vya minyoo, alikuwa anapita kila wiki kumtazama na hakuwa anakaa chini ya saa moja. Nilipata kumjua Baba mwaka ule. Alinisimulia alivyomwona Mama mara ya kwanza, alivyowahi kukimbiwa na kiboko huku yeye pia akikimbia, kila mmoja upande wake. Maneno hayo hayangenifikia kwenye wodi ya Dar, katika saa ya kutazama wagonjwa.

Mimi sisemi kwamba kila mtu achague kama alivyochagua yeye. Siku hizi dawa ni nyingi zaidi, na nimewahi kumsindikiza jirani yangu Dar, akatibiwa, akarudi, na ananidai gauni mpaka leo. Nilichobaki nacho mimi ni tabia moja. Ninapokaa na mgonjwa wa mtu, na daktari akaanza kunieleza mimi juu ya kichwa chake, huwa namwambia kwa upole, "Daktari, mwenyewe huyu hapa."

Baba alifariki mchana, mpunga ukiwa umeiva na nusu umekatwa, mlango uko wazi, kuku wanaingia na kutoka. Mama alikuwa amemshika mguu. Alikuwa ameomba maji, akanywa kidogo, akasema yametosha. Deo alifika kesho yake, na alijizuia vizuri mpaka tulipotoka makaburini. Alipoingia ndani na kukuta matandiko ya kitanda yamekunjwa aliketi chini sakafuni, mwanaume mzima, akaanza kusema, "Ningempeleka tu. Ningempeleka hata kwa nguvu." Wazee walimwambia ajikaze, hakuwasikia. Mama Holo, aliyekuwa amefika na wanawake watano wa Kibaoni na kuni zao wenyewe, aliingia na sahani ya wali, akachuchumaa mbele yake.

"Ulimpeleka, baba," alimwambia. "Alisema anataka kukaa hapa. Si wewe uliyemleta?"

Deo alimtazama, kisha akanigeukia. Aliniuliza mimi, kama mtu anayetaka kuhakikisha, "Alikula mpunga wa mwaka huu?" Nikasema alikula, wa kwanza kukatwa, na ukoko akamaliza wote. Deo akaitikia kwa kichwa. Kisha akaomba maji ya kunawa.